Nikeli ya Kabanga: Tujadili tanuru kabla ya kugombea makinikia

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Kurasini, Mtoni au Mbagala, habari za madini huja zikiwa zimefungwa ndani ya kontena. Malori hushuka kutoka bara, hupita Ubungo, huingia Barabara ya Mandela, Buguruni na Tazara, kisha hujipanga kuelekea bandarini. Anayeuza chungwa kando ya barabara hajui kilichomo ndani. Anachojua ni foleni, vumbi na moshi wa dizeli.

Machi 2017 Watanzania wengi waliambiwa kilichomo. Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa makinikia kwenda nje, makontena 277 yalizuiwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Zikafuata kamati mbili za Rais, ya kwanza ikiongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma na ya pili na Profesa Nehemiah Osoro, na neno “makinikia” likahama kutoka vitabu vya wahandisi likaingia kwenye vijiwe vya kahawa vya Keko na Magomeni.

Swali lililobaki midomoni mwa wananchi lilikuwa moja: kwa nini tusiyeyushe wenyewe? Ni swali la haki. Lakini miaka imepita, na sasa, madini yanayozungumzwa yakiwa ni nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, swali hilo halitoshi tena. Linalopaswa kuulizwa ni: tuyeyushe kwa njia ipi, salfa iende wapi, na mtambo ukisimama nani atabeba hasara?

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba uchaguzi wa teknolojia si jambo la wahandisi peke yao. Humo ndimo inamoamuliwa kama faida itabaki nchini, na kama moshi nao utabaki.

Nusu karne ya kusubiri

Nikeli ya Kabanga si habari mpya. Iligunduliwa katika miaka ya 1970, katika utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa. Tangu hapo imepita mikononi mwa kampuni nyingi, zikiwamo Sutton Resources, Barrick, Xstrata na Glencore, bila hata tani moja kuchimbwa kwa biashara. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilifutwa nchini kote kufuatia mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, na Kabanga ikarudi mikononi mwa Serikali.

Januari 2021 ulisainiwa mkataba mpya ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mbia wake ni kundi ambalo leo linajulikana kama Lifezone Metals. Kampuni kubwa ya Australia, BHP, nayo iliingia kama mwekezaji mwaka 2022.

Mkataba huo ulibeba ahadi iliyopendeza masikio: nikeli, shaba na kobalti zingesafishwa hapa hapa nchini, katika kiwanda kitakachojengwa Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Tena zingesafishwa bila tanuru, kwa njia ya vimiminika.

Hata hivyo, Julai 2025 yalitokea mambo mawili ambayo msomaji makini hapaswi kuyapita. Kwanza, BHP ilijitoa na hisa zake kununuliwa na Lifezone. Pili, ilitolewa ripoti ya upembuzi yakinifu iliyotaja akiba ya tani milioni 52.2 za mbale, yaani mawe yenye madini, zenye wastani wa asilimia 1.98 ya nikeli, zitakazochimbwa kwa miaka 18. Kwa hesabu ya haraka, hiyo ni nikeli inayofikia takriban tani milioni moja ndani ya mwamba. Lakini ripoti hiyo ilihusu mgodi na mtambo wa kutenga makinikia. Kiwanda cha Kahama kilibaki kuwa jambo la awamu inayofuata.

Kwa maneno mengine, tunaweza kujikuta tena mahali tulipokuwa Machi 2017: makinikia ndani ya kontena, na kontena ndani ya foleni ya Mandela.

Sufuria na mashine ya kusaga

Ili kuelewa kinachogombewa, ni lazima kwanza kuelewa makinikia yenyewe. Makinikia ya nikeli ni unga mweusi. Sehemu kubwa ya uzito wake si nikeli, bali ni chuma na salfa. Hivyo, anayesafirisha makinikia kwenda ng'ambo anakodi lori na meli kubeba, kwa sehemu kubwa, vitu ambavyo mnunuzi atavitenga na kuvitupa au kuviuza kwa manufaa yake.

Kazi ya kutenga hufanywa kwa hatua. Katika tanuru la kwanza unga huyeyushwa, na sehemu ya chuma huelea juu kama povu na kuondolewa. Kinachobaki chini ni kimiminika kizito chenye nikeli, shaba, salfa na chuma kilichosalia. Wataalamu hukiita mata. Mata hiyo hupelekwa kwenye tanuru la pili ambako hupuliziwa hewa: chuma huungua na kuwa taka, salfa huungua na kuwa gesi ya salfa dioksidi. Hatua hii ya pili ndiyo inayoitwa ugeuzaji, na ndiyo kiini cha mjadala wetu.

Kwa zaidi ya miaka 100 ugeuzaji umefanywa kwa tanuru lenye umbo la pipa lililolala, linalojulikana kwa majina ya wavumbuzi wake wa Marekani, Peirce na Smith. Linafanya kazi kama sufuria ya mama lishe. Unaweka, unapika, unafunua, unapakua, unaanza upya. Mata hubebwa kwa ndoo kubwa zinazoning'inia kwenye winchi, na kila pipa linapogeuzwa ili kupokea au kumimina, gesi huchomoka na kuenea ndani ya jengo na nje yake. Tena gesi hiyo huja kwa vipindi, mara nyingi mara chache, jambo linaloufanya mtambo wa kuikamata na kuigeuza kuwa tindikali ushindwe kufanya kazi sawasawa.

Teknolojia mpya, ugeuzaji wa mfululizo, inafanana na mashine ya kusaga mahindi ya mtaani. Mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini, na mashine haisimami. Mata hupoozwa na kuvunjwa kuwa chembe, chembe hizo huingizwa bila kukatika katika tanuru lisilogeuzwa, pamoja na hewa iliyoongezwa oksijeni. Tanuru limefungwa, gesi hutoka kwa kiwango kile kile saa zote, nayo huwa nzito kiasi cha kufaa kutengenezea tindikali ya salfuriki.

Katika shaba, wazo hili lilianza mapema. Wajapani waliliendesha Naoshima mwaka 1974, na kiwanda cha Kennecott katika jimbo la Utah, Marekani, kilianza njia yake mwaka 1995. Kwa nikeli ilichukua muda zaidi. Barani Afrika mfano mkubwa uko Rustenburg, Afrika Kusini, ambako kampuni ya Anglo Platinum ilianza kutumia tanuru la mfululizo mwaka 2002 kwa mata yenye nikeli, shaba na platinamu. Lengo mojawapo kubwa lilikuwa kupunguza gesi ya salfa iliyokuwa ikiwasumbua wakazi wa karibu, na katika hilo mafanikio yalionekana.

Mashine inapoharibika

Hapa ndipo wapenzi wa teknolojia mpya hupenda kuishia. Lakini hadithi ya Rustenburg ina sura ya pili.

Februari 2020 mlipuko uliharibu tanuru la mfululizo la kiwanda hicho. Lilikuwapo tanuru la akiba, nalo likawashwa. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba maji yalikuwa yakivuja ndani yake. Maji yakikutana na metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kulipuka, hivyo Machi mwaka huo nalo likazimwa. Kampuni ikalazimika kuwatangazia wateja wake, na hata wachimbaji wengine waliokuwa wakiiuzia makinikia, kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tanuru la kwanza lilirejea kazini mwishoni mwa mwaka 2020.

Funzo ni rahisi. Sufuria tano zikitoboka moja, nne zinaendelea kupika. Mashine ya kusaga ikiwa moja mtaani, ikikatika mkanda, mtaa mzima unalala bila ugali. Ugeuzaji wa mfululizo hupunguza moshi na gharama, lakini hukusanya hatari zote mahali pamoja. Rustenburg waliweza kusubiri kwa kuwa walikuwa na mafundi waliokaa na tanuru hilo kwa takriban miaka 18, karakana za vipuri na kampuni yenye mtaji. Je, sisi tungekuwa na nini?

Kuruka hatua

Wapo walioamua kutougeuza kabisa. Nchini Finland, kiwanda cha Harjavalta kilianzisha mwaka 1995 njia ambayo tanuru la kwanza hutoa mata safi kiasi kwamba ugeuzaji hauhitajiki. Mata inakwenda moja kwa moja kusafishwa kwa vimiminika. Karibu zaidi na nyumbani, huko Kolwezi, kusini-mashariki mwa Kongo, eneo linalozungumza Kiswahili, mradi wa Kamoa-Kakula umejenga tanuru la shaba lenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka ambalo linafanya kazi ya kuyeyusha na kugeuza kwa hatua moja. Tanuru hilo lilianza kuwashwa mwishoni mwa mwaka 2025. Kabla ya hapo sehemu ya shehena ya mgodi huo ilikuwa ikipita katika bandari yetu ya Dar es Salaam.

Njia ya tatu ni ile iliyoahidiwa Kahama: kuacha moto kabisa. Makinikia huingizwa katika mitungi mikubwa yenye joto na shinikizo, pamoja na maji na oksijeni, metali zikayeyuka ndani ya maji hayo na kutengwa moja baada ya nyingine. Hakuna gesi ya salfa inayotoka bombani, na anayeitetea njia hii ana hoja nzito.

Lakini lazima isemwe wazi kwamba Lifezone yenyewe imewaeleza wawekezaji wake kuwa teknolojia yake ilikuwa bado haijatumika kibiashara. Hilo si kosa; kila teknolojia ina siku yake ya kwanza. Kosa ni kwa taifa kuingia katika siku hiyo ya kwanza bila kujua nani atalipia siku ya pili, mambo yakienda kombo.

Salfa haipotei

Kuna ukweli mmoja ambao hakuna teknolojia inayoweza kuukwepa. Salfa iliyomo ndani ya makinikia haipotei. Ikiungua bila kukamatwa inakuwa gesi inayochoma mapafu na kukausha mazao. Ikikamatwa inakuwa tindikali, na kila tani moja ya salfa huzaa takriban tani tatu za tindikali. Ikipita katika vimiminika, inabaki katika maji au katika tope ambalo lazima lihifadhiwe.

Tindikali ni mali iwapo yupo mnunuzi jirani. Kolwezi wanaye: migodi ya shaba ya Kongo huitumia kwa wingi kuchenjulia mbale zake, na nchi hiyo imekuwa ikiagiza salfa na tindikali kutoka nje. Je, tindikali itakayozalishwa Kahama au Ngara ingeuzwa wapi? Ingesafirishwa kwa reli au kwa malori ya matangi yanayopita katikati ya makazi? Mtu wa Tegeta aliyekaa miaka mingi chini ya kiwanda cha saruji cha Wazo anajua kwamba kiwanda hakiishii kwenye ukuta wake. Mtu wa Ngara naye ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla, si baada.

Selebi-Phikwe nchini Botswana ni mfano wa kutisha. Mji huo ulizaliwa kwa ajili ya nikeli na shaba, na tanuru lake likaanza kazi mwaka 1973. Kwa miongo wakazi waliishi na gesi ya salfa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Bei ya metali ilipoanguka na madeni kurundikana, Oktoba 2016 kampuni ya BCL ikafungwa. Takriban wafanyakazi 5,000 wakabaki bila ajira, na mji ukabaki na tanuru baridi. Moshi walikuwa wameshauvuta. Faida ilikuwa imeshaondoka.

Wala soko la leo si la kuchezea. Machi 2022 bei ya nikeli katika Soko la Metali la London ilipanda ghafla hadi kupita dola 100,000 kwa tani, kisha ikaanguka vibaya miaka iliyofuata, wakati Indonesia, iliyopiga marufuku uuzaji wa nikeli ghafi nje na kuvutia wajenzi wa viwanda kutoka China, ikizalisha zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. BHP iliyoondoka Kabanga ndiyo ile ile iliyosimamisha shughuli zake za nikeli Australia Oktoba 2024.

Walivyofanya wengine

Tukatae basi makinikia yasitoke hata gramu moja? Au turuhusu yatoke tu, ilimradi mgodi ufunguliwe? Mjadala wetu wa kisiasa hupenda pande hizi mbili. Jimbo la Newfoundland, Canada, lilipata njia ya katikati.

Jimbo hilo lilikuwa na nikeli ya Voisey's Bay, na lilibishana na mwekezaji kwa miaka kadhaa likidai madini yasafishwe jimboni. Mwaka 2002 yakafikiwa makubaliano: mgodi ufunguliwe na makinikia yaruhusiwe kutoka kwa muda, lakini kiwanda cha kusafisha kwa vimiminika kijengwe kwa ratiba iliyoandikwa. Mgodi ulianza mwaka 2005. Kiwanda cha Long Harbour, chenye uwezo wa kuzalisha tani 50,000 za nikeli kwa mwaka, kilitoa nikeli yake ya kwanza mwaka 2014. Ilichukua miaka tisa, na ratiba ilibidi irekebishwe njiani. Lakini kiwanda kipo.

Sheria yetu ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili inataka rasilimali ziongezewe thamani hapa nchini. Sheria nzuri bila ratiba ni sawa na hati ya kiwanja bila ramani. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Watanzania wana haki ya kuona mambo manne yakiwekwa hadharani kabla kontena la kwanza la nikeli halijafika Kurasini.

Kwanza, tarehe. Kama kiwanda ni awamu ya pili, awamu hiyo ianze lini, na nini kitatokea isipoanza?

Pili, salfa. Iwe kwa tanuru la mfululizo au kwa vimiminika, ioneshwe itakwenda wapi na itapimwa na nani, na vipimo visomwe na wananchi wa eneo husika.

Tatu, umeme. Ngara iko jirani na maporomoko ya Rusumo, lakini kituo chake kina megawati 80 tu ambazo nchi tatu zinagawana. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liko Rufiji, upande wa pili wa nchi. Mtambo unaotakiwa usizimike hauwezi kuendeshwa na gridi inayokatika. Mkazi wa Kimara aliyewahi kutupa samaki walioharibika kwenye jokofu hahitaji kuelezwa zaidi. Katika tanuru, kinachoganda ni metali.

Nne, watu. Rustenburg haikuokolewa na vitabu vya maelekezo, iliokolewa na mafundi. Vijana wanaojifunza uchomeleaji na umeme wa viwandani katika chuo cha VETA Chang'ombe, na wahandisi wa uchenjuaji wanaosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wangepaswa kuwa tayari wanapelekwa Rustenburg, Harjavalta, Long Harbour na Kolwezi, kwa mikataba ya kurudi. Teknolojia hununuliwa kwa mwaka mmoja. Fundi huchukua miaka kumi.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji kumfukuza mwekezaji wala kumpigia magoti. Kinachohitajika ni kujua tunachokinunua. Tanuru la mfululizo ni bora kuliko la zamani, na vimiminika huenda vikawa bora kuliko yote mawili, lakini ubora wa mashine haujawahi kuwa dhamana ya ubora wa mkataba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Makontena 277 yalitufundisha kuuliza kilichomo ndani. Kabanga inatutaka tuulize pia kitakachobaki nyuma.